Mgonjwa wa Usiku Hangoji Asubuhi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama ambao ndio mnaokesha na wagonjwa majumbani mwetu, juma hili hatuandiki juu ya tuliyoyasoma, bali juu ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Yapata miaka mitatu tumelinyamazia kwa kuona haya, kwani aliyekosea ni mtu ambaye watu humwendea kumuuliza. Lakini mwezi uliopita, baada ya darsa ya akina mama, tuliulizwa swali ambalo jibu lake tulifunzwa kwa uchungu: mgonjwa akizidiwa usiku, zahanati ya mtaa imefungwa na mume hayupo, mwanamke afanye nini? Tukaona kunyamaza zaidi ya hapo ni kuficha amana. Tulimwomba ruhusa mkaza mwana wetu, kwa kuwa habari ni yake kabla ya kuwa yetu. Akasema, "Andika, baba. Huenda ikamfaa mwenzangu."

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili. Nyumba yetu i Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya pili, katika kichochoro kisichoingia gari. Mkaza mwana wetu alikuwa na mimba ya miezi saba na siku kadhaa, mimba yake ya kwanza. Mumewe, mwana wetu, yuko kazini Doha, na kama vijana wengi wa Pwani walioko Ghuba, huja nyumbani mara moja kwa mwaka, pengine kwa miaka miwili. Alipoondoka alimwacha mkewe mikononi mwetu.

Tangu alasiri alikuwa akilalamikia kichwa. Mama wa watoto wetu alimpa chai ya tangawizi, akamfunga leso kichwani, akamwambia alale. Magharibi tulimtuma kijana duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Baada ya isha kichwa kilizidi, na akasema jambo ambalo hadi leo kila mmoja wetu analikumbuka: kwamba akiitazama taa anaona ukungu, na vijinyota vinamchezea machoni. Uso ulikuwa umemvimba, na pete haimtoki kidoleni. Sisi tukaona kuvimba ni mambo ya mimba. Tulimsomea, tukampa maji tuliyoyasomea, akanywa. Kisha akaanza kujishika juu ya tumbo, chini ya mbavu, akidhani ni chakula cha usiku kimemkaa vibaya.

Saa tano mama wa watoto wetu alitujia ukumbini, akauliza, "Maalim, tumpeleke?"

Tukamjibu, "Zahanati imefungwa tangu mchana, na kesho Jumapili haifunguliwi. Huko kwengine usiku huu nani atamtazama? Na mumewe hajui. Tungoje alfajiri, inshallah."

Twataka msomaji ayapime maneno hayo, kwani nyuma yake mlikuwa na sababu ambazo huenda zimo katika nyumba yake pia. Ya kwanza, mlango mmoja tulioujua ulikuwa umefungwa, nasi tukadhani msaada wote umefungwa. Ya pili, tulikuwa tumempigia mwana wetu mara tatu asishike, kwa kuwa alikuwa katika zamu ya usiku, nasi tukaona si haki kumtoa mke wa mtu nyumbani usiku bila idhini ya mwenyewe. Ya tatu, tulihofia kwamba usiku kama huo atakayemkuta ni daktari mwanamume. Ya nne, fedha iliyokuwamo nyumbani haikufika shilingi 3,000. Na ya tano hatukuitamka: tuliona haya kuwagongea watu milango usiku wa manane kwa jambo ambalo huenda likawa ni kichwa tu.

Mama wa watoto wetu alisema, "Hewala," akarudi chumbani kwa mgonjwa. Nyumbani mwa mtu wa dini neno lake huwa zito kuliko linavyostahiki. Likishasemwa, watu huona shauri limekwisha.

Saa saba na nusu alivaa buibui, akateremka ngazi bila kutuambia, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Jirani huyo ni bikizee aliyekuwa muuguzi katika wodi ya wazazi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwa kuwa yeye mwenyewe ana presha, anayo mashine ya kuipimia. Alipanda ngazi zetu akishika ukuta, akampima mgonjwa mkono mmoja, kisha akarudia wa pili. Ikawa 170 kwa 115. Akatoka, akasimama mlangoni petu.

"Mwanangu maalim," alisema, "hiki si kichwa. Ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Huyu hangoji alfajiri. Na hata hiyo zahanati ingekuwa wazi, si mahali pake. Ni hospitali kubwa, sasa hivi."

Tukasema, "Mumewe hatujampata."

Akatutazama kama alivyokuwa akitutazama tulipokuwa watoto wa chuoni. "Mumewe utampata kesho. Huyu kesho huenda usimpate."

Vijana watatu waliokuwa bado barazani walipanda juu. Tulimkalisha mgonjwa kwenye kiti cha mbao, tukamfunga kwa leso mbili asianguke, tukamteremsha ngazi hatua kwa hatua, mwenyewe akijistiri uso kwa mtandio. Tuktuk ilikuwa ikingoja kichochoro kinapoishia. Saa nane tulikuwa katika kitengo cha dharura cha hospitali kuu ya Pwani, ambayo wazee wetu bado huiita Makadara.

Hata hajashushwa sawasawa, mwili mzima ukaanza kumtetemeka na macho yakamgeuka. Wauguzi walimlaza ubavu, wakamwekea hewa, wakamdunga sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa kisirudi, na wakampa dawa nyingine ya kuteremsha presha. Daktari wa zamu alikuwa mwanamume, kijana wa umri wa mwana wetu. Kila alipotaka kumgusa mgonjwa alisema kwanza anachotaka kufanya, na muuguzi wa kike hakuondoka kando ya kitanda, wala mama wa watoto wetu hakuondolewa. Ile hofu yetu ya tatu ikaishia pale.

Kisha akatuuliza dalili zilianza lini. Tukamwambia ni tangu alasiri, kama saa kumi. Akahesabu, akaandika katika karatasi zake kwamba mgonjwa ameletwa baada ya muda wa saa 10. Hakutuuliza sababu. Tulitamani atuulize tupate kujitetea, lakini tulipozipanga sababu zetu pale kwenye benchi, hatukuiona hata moja inayofaa kuambiwa mtu.

Tulielezwa kwamba ugonjwa huo dawa yake hasa ni mtoto na kondo la nyuma kutoka tumboni, na kwamba hapakuwa na nafasi ya kungoja. Alipasuliwa. Kabla ya adhana ya alfajiri akazaliwa mtoto wa kike, kilo moja na gramu 600, akapelekwa katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mama yake akarudishwa wodini akiwa hai. Tuliswali alfajiri ukumbini mwa hospitali, na hatukumbuki sijda iliyotuelemea kama ile.

Jua lilipochomoza mwana wetu alipiga simu. Tukamweleza yote, kisha tukamwomba radhi, tukamwambia kwamba tulichelewa kwa kuwa tulikuwa tukingoja idhini yake. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Baba, nilipomwacha kwenu, nilidhani hiyo ndiyo idhini."

Na mama wa watoto wetu tulimuuliza siku nyingine, kwa nini alikwenda kwa jirani bila ya kutuuliza tena. Alisema, "Ningekuuliza, ungejibu."

Ndugu zetu, wale waliosoma watakumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Abdillahi (r.a.). Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, akapasuka kichwa. Usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayammamu. Wakamwambia hawamwoni na ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hiyo alighadhibika, akawabebesha wao mauti ya mtu yule, na akawalaumu kwa kutouliza hali hawajui. Tumeisomesha hadithi hiyo tangu tukiwa vijana, na kila mara tulijihesabu miongoni mwa wanaoisomesha. Usiku ule tulikuwa miongoni mwa waliotoa jibu. Mwanamke alituuliza jambo la utabibu, nasi, tusiokuwa na elimu ya utabibu, tukajibu kana kwamba tunaijua. Tulichopaswa kujibu ni neno moja tu: tumuulize anayejua.

Basi tuyaseme sasa yale tuliyopaswa kuyasema mapema.

Kuhusu idhini. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametaja kwamba mke hutoka nyumbani bila idhini ya mumewe panapokuwa na dharura, kama kuhofia nyumba kuanguka au kuhofia nafsi yake. Kuokoa nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Mke anayemkimbiza mtoto hospitalini usiku, au anayejikimbiza mwenyewe, hajamwasi mtu. Nanyi waume, hasa mlioko Ghuba, baharini na Nairobi, msiwaachie wake zenu shaka hii. Leo hii, kabla ya kulala, mpigie simu mkeo umwambie mbele ya wazee: ukiugua, au mtoto akiugua, idhini unayo, usinitafute kwanza.

Kuhusu daktari mwanamume. Akipatikana mwanamke mwenye ujuzi, ndiye wa kutangulizwa kumtibu mwanamke. Asipopatikana kwa wakati, daktari mwanamume humtibu kwa kiasi cha haja, akiwapo maharimu au mwanamke mwaminifu. Hili si jambo jipya lililoletwa na hospitali za kisasa. Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) alikuwa miongoni mwa wanawake waliotoka na Mtume (s.a.w.) vitani wakiwanywesha watu maji na kuwahudumia majeruhi, na Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema la kutibia majeruhi, ambamo alilazwa Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki. Ikiwa wanawake wema wale waliwatibu wanaume, na Mtume yupo, stara haiwezi kuwa sababu ya kumwacha mwanamke afe nyumbani mwetu.

Kuhusu kisomo. Hatujaacha kuwasomea wagonjwa, wala hatutaacha. Lakini kisomo husomwa pia ndani ya tuktuk. Kosa letu lilikuwa kukifanya badala ya safari.

Kuhusu fedha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaongeza kwamba hospitali yenye uwezo wa kuyatoa ikiyakataa, imefanya kosa la jinai. Kwa hivyo mgonjwa aliye hatarini apelekwe, na fedha itafutwe akiwa keshatibiwa. Pamoja na hayo, kila mmoja ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wala asingoje kuugua ndipo aanze kuuliza.

Si kila ugonjwa ni wa kukimbizwa usiku. Mafua, mgongo wa siku nyingi na kikohozi chepesi hungoja. Lakini zipo dalili ambazo bikizee jirani yetu alituandikia kwa mkono wake, nasi tumezibandika ukutani jikoni.

Kwa mwenye mimba: kutokwa na damu, kichwa kikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo, homa, maji kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kupungua kucheza, au kutetemeka mwili. Naye aliyejifungua hajapita hatari mpaka arubaini yake iishe, kwa sababu kifafa hicho chaweza kuja hata baada ya kuzaa. Damu inayojaza pedi baada ya pedi ni dharura, wala si "uchafu unatoka".

Kwa mtoto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, kupumua kwa kasi huku kifua kikibonyea ndani, kulegea asiamke, au degedege.

Kwa mtu mzima: maumivu ya kifua yanayobana, kushindwa kupumua, kuumwa na nyoka, au uso kupinda upande mmoja pamoja na mkono kulegea na ulimi kuwa mzito, kwani hicho ni kiharusi, na kila dakika inayopita huua sehemu ya ubongo.

Anayetetemeka kwa kifafa msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, msimnyweshe maji, wala msimkandamize. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, na safari ianze.

Kisha kila nyumba ipange mchana itakavyofanya usiku. Kwanza, mjue pa kwenda. Zahanati nyingi hufanya kazi mchana tu, lakini hospitali kubwa za kaunti zina huduma ya dharura na wodi ya wazazi usiku na mchana: hospitali kuu kwa aliyeko Mombasa, na hospitali za Msambweni, Kilifi, Malindi, Hola, na King Fahd kwa watu wa Lamu. Msizunguke vituo vitatu vidogo mkigonga milango iliyofungwa, kwani huko ndiko muda unakopotea. Pili, muwe na nambari mbili za madereva wa tuktuk au teksi wanaolala mtaani mwenu. Nambari za dharura za nchi ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu kwa 1199. Aliyeko Pate, Faza au Kizingitini aafikiane mapema na mwenye mashua ya mashine, amuulize pia habari za maji kupwa na kujaa, kwani mashua iliyokwama kwenye matope haimfai mgonjwa. Tatu, mwenye mimba kijitabu chake cha kliniki na kitambulisho viwe katika mkoba mmoja, pamoja na leso mbili na akiba ya nauli isiyoguswa kwa haja nyingine. Nne, ijulikane ni nani atakayemsindikiza na ni nani atakayebaki na watoto. Tano, ijulikane ni jirani gani mwenye ujuzi wa kugongewa. Sisi tulikuwa naye hatua 20 kutoka mlangoni, tukamwonea haya.

Na la mwisho ni letu sisi tunaovaa vilemba. Mwanamke akikuuliza, "Tumpeleke?" jua kwamba mara nyingi ameshaona kwa macho yake yale usiyoyaona wewe ukumbini. Haulizi kwa kuwa hajui. Anauliza kwa kuwa anakuheshimu. Tusiigeuze heshima hiyo ikawa kifungo cha mgonjwa.

Yule mtoto wa kilo moja na gramu 600 hivi sasa anakimbia nyumba nzima. Huteremka ngazi zile zile kwa makalio, kidato kwa kidato, kwenda kumwamkia bikizee wa mlango wa pili, ambaye humwita nyanya. Kila tumwonapo akiteremka twakumbuka kiti cha mbao na zile saa 10, na twamshukuru Mola aliyempa mama wa watoto wetu moyo wa kutoliridhia jibu letu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalinde akina mama katika uzazi wao, awarehemu waliotangulia kwa kukosa aliyewapeleka, na atusamehe sisi tuliojibu bila ya ujuzi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.